Alisemaje Vile? Namna ya Kuyadaka Maneno ya Mtoto Kabla Hayajapotea

Mwulize mzazi yeyote mwenye mtoto wa darasa la tatu akutajie sentensi moja tu, neno kwa neno, aliyoisema mtoto huyo alipokuwa na miaka mitatu. Atacheka kwanza, ataangalia juu, kisha atakuambia, "Huyu? Huyu alikuwa na maneno, we acha tu!" Ukimbana akutajie hayo maneno, hana. Alichobakiwa nacho ni kumbukumbu ya kicheko.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mzazi, bibi, babu, shangazi au dada wa kazi anayeshinda na mtoto wa kati ya miaka miwili na sita. Vifaa ni daftari na kalamu. Simu itasaidia, lakini nayo ina hasara zake, tutazifikia.

Kwanza elewa kwa nini yanachekesha

Watu husema "watoto wa siku hizi wana akili sana". Mimi sikubaliani na hilo la siku hizi. Mtoto mdogo anachekesha na kushangaza kwa sababu zilezile alizokuwa nazo babu yake, na ukizijua utaanza kusikia mengi ambayo sasa yanakupita.

Sababu kubwa ni kwamba mtoto anafuata kanuni hadi mwisho wake. Ameshagundua kuwa mlango unafungwa na kufunguliwa, chupa inazibwa na kuzibuliwa, shuka linakunjwa na kukunjuliwa. Nani wa kumzuia asikuambie "washua taa" anapotaka uizime? Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Amelitengeneza mwenyewe, na kwa kanuni amelitengeneza sawasawa. Ni sisi wakubwa tuliokwenda kuchukua kitenzi kingine kabisa.

Mwandishi wa Urusi Korney Chukovsky aliliona jambo hili katika Kirusi. Kitabu chake cha maneno ya watoto kilitoka mara ya kwanza mwaka 1928, kikaendelea kunenepa toleo hadi toleo kwa sababu wazazi walimwandikia barua kutoka pande zote za nchi, kila mmoja akimpelekea alichosikia nyumbani kwake. Chukovsky alishikilia kwamba kuanzia miaka miwili mtoto huwa gwiji wa lugha kwa muda mfupi, na gwiji huyo huanza kufifia akikaribia kwenda shule. Sijui kama ningetumia neno kubwa kiasi hicho, lakini aliyewahi kukaa na mtoto wa miaka mitatu hawezi kumpinga sana.

Kwa Kiswahili pia kazi imefanyika. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo wa Nairobi waliokuwa wakianza kuunga maneno, na mwaka 2005 akachapisha kitabu kuhusu namna wanavyojifunza lugha hii. Moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba mtoto huangusha viambishi vya mwanzo wa kitenzi na kubakiza mwili wake. Kwa hiyo mwanao akikuambia "taka maji", usiwe na wasiwasi, yuko njiani.

Sababu ya pili ni mtazamo wake wa vitu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1926 jinsi watoto wadogo wanavyoamini kwamba jua na mwezi vinawafuata wanapotembea, na kwamba vitu vinavyojiendea vina uhai. Panda bajaji usiku na mtoto wa miaka minne umwone anavyochungulia pembeni kuhakikisha kama mwezi umekata kona pamoja nanyi.

Sababu ya tatu ndiyo tusiyopenda kuisikia: nusu ya vichekesho hivi tunavitengeneza sisi kwa uongo wetu. Ukimwambia mtoto kwamba mdogo wake "mlimnunua hospitali", usishangae akikushauri mumrudishe mchukue baiskeli. Hoja yake haina kasoro. Bidhaa haijampendeza na risiti mnayo.

Ukishaziona sababu hizi tatu utatambua kwamba maneno ya kuchekesha na maneno ya hekima yanatoka chungu kimoja. Mtoto anapochukua kanuni yako na kuipeleka mahali ambapo wewe ungesimama kwa aibu, kwa mazoea au kwa uvivu, wakati mwingine anaangukia kwenye kichekesho. Wakati mwingine anaangukia kwenye ukweli, nawe unabaki huna la kusema.

Hatua za kuandika

1. Nyamaza kidogo. Usiangue kicheko, usiite watu. Mtoto hajamaliza. Mara nyingi sentensi ya pili, ile anayoisema kueleza ya kwanza, ndiyo bora, na kicheko chako huiua.

2. Shika neno moja. Huwezi kukumbuka yote, lakini ukilishika lile neno la ajabu, mengine yatalifuata. Liandike popote: nyuma ya risiti, kiganjani, au kwenye ujumbe unaojitumia mwenyewe WhatsApp.

3. Hamishia daftarini siku hiyohiyo. Ukilala nalo, asubuhi utaamka na sentensi yako wewe, iliyonyooka, yenye mpangilio, isiyo na mtoto ndani yake.

4. Usisahihishe. Kama alisema "washua", andika "washua". Kama alichanganya Kiswahili na Kiingereza cha chekechea na neno la Kisukuma alilolipata kwa bibi, liache hivyohivyo. Kama hukusikia vizuri, acha nafasi. Nafasi tupu ni ya kweli kuliko neno ulilolibuni.

5. Andika kilichotangulia. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, aliandika kumbukumbu za mwanawe wa kwanza aliyezaliwa mwaka 1839, na akazichapisha mwaka 1877. Anaeleza kwamba mtoto alipotimiza mwaka mmoja alijitungia neno lake la kuitia chakula, "mum", lakini kilichompelekea kulitunga baba hakukigundua. Ikiwa mtu aliyewachunguza viumbe maisha yake yote alipitwa, mimi na wewe tutapitwa zaidi tusipoandika palepale nani alikuwa amesema nini na nini kilikuwa mezani.

6. Andika umri kwa miaka na miezi. Tarehe peke yake haitoshi. Sentensi ileile ikisemwa na mtoto wa miaka miwili na nusu ni jambo moja, ikisemwa na wa miaka mitano ni jambo lingine kabisa.

7. Andika na jibu lako. Hata kama lilikuwa la hovyo. Hasa kama lilikuwa la hovyo.

8. Nakili mwisho wa mwezi. Kama unaandika kwenye simu, hamishia kwenye karatasi. Simu huibiwa, hutumbukia kwenye ndoo, hujaa; daftari la kaunta likiwekwa juu ya kabati na nguo za sikukuu hukaa miaka.

> KISANDUKU: MFANO WA UKURASA
>
> Umri: miaka 4 na miezi 2
> Mahali: sebuleni, usiku, umeme umekatika
> Waliokuwepo: baba, dada
> Kilichotangulia: Baba amesema, "LUKU imeisha, ngoja ninunue umeme mwingine."
> Mtoto: "Ule wa zamani nani kaumaliza?"
> Baba: "Sisi wote."
> Mtoto: "Mimi sijatumia wangu. Nilikuwa nimelala."
> Ameandika: dada

Soma tena kisanduku hicho ukiziba mstari wa "Kilichotangulia" kwa kidole. Kinabaki kijisentensi cha mtoto anayesinzia. Ukiuachia uonekane, unamwona mtu aliyesikia kwamba umeme hununuliwa na huisha kama sukari, akakaa akapiga hesabu ya mgawo wake, akaona kuna aliyemdhulumu. Angalia pia aliyeandika ni nani. Nyumba nyingi dada wa kazi ndiye anayesikia maneno mengi kuliko wazazi wote wawili, maana ndiye anayeshinda na mtoto tangu asubuhi. Mpe daftari na kalamu, mwambie ni kazi ya heshima, na jina lake liandikwe kwenye kila alichokidaka.

Jinsi ya kumjibu

Kuandika bila kujibu ni kumfanya mtoto kuwa redio. Kanuni yangu ni moja: jibu swali aliloliuliza, siyo kichekesho ulichokisikia wewe.

*"Leo ndiyo kesho?"* Ulimwambia Jumatatu kwamba kesho mtakwenda kwa bibi. Jumanne kaamka, bado amejifunga kanga ya kulalia, anauliza. Wengi humjibu "hapana, leo ni leo", kisha wanacheka. Lakini yeye ndiye aliye sahihi. Leo ndiyo ile kesho ya jana. Mwambie, "Ndiyo, imefika." Siku nyingine mhesabie kwa usingizi: ukilala mara mbili ukaamka, tunakwenda. Mtoto wa miaka mitatu hana kalenda, ila kulala na kuamka anakujua.

*"Mbona mama mdogo ni mkubwa kuliko mama?"* Mama mdogo mwenyewe yupo hapo kwenye kochi na kikombe chake cha chai, na ni mtu mwenye mwili wa kutosha. Hapa ndipo mikono ya kina mama hushuka chini ya meza kutafuta paja la kufinya. Usifinye. Mtoto hajamtukana mtu. Ameuliza kwa nini jina halilingani na anachokiona. Mweleze palepale: huyu alizaliwa baada ya mimi, ndiyo maana ni mdogo, kama wewe ulivyozaliwa baada ya kaka. Mara nyingi mama mdogo atacheka kabla yako. Kama kuna mazungumzo ya heshima kuhusu miili ya watu, yafanye baadaye mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida.

*"Mbona babu hanipi shikamoo?"* Usimjibu "kwa sababu ni babu". Mwambie salamu hiyo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, halafu mwonyeshe mtu ambaye naye babu humwamkia. Watoto hufurahi mno wakigundua kwamba babu naye ana wakubwa zake.

*"Bibi ataamka lini?"* Hili ndilo la kulishughulikia kwa uangalifu kuliko yote. Tunapofiwa tunawaambia watoto kwamba marehemu amelala au amesafiri. Tunadhani tunawapunguzia uchungu, lakini mtoto anayefuata kanuni hadi mwisho ataogopa kulala, au atakaa dirishani akisubiri basi. Tumia neno lenyewe: bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii baridi, hatarudi. Kisha ongeza mnachokiamini nyumbani kwenu kuhusu roho yake. Ataliuliza swali hilo tena wiki ijayo, na baada ya hapo tena. Mjibu vilevile kila mara, bila kubadilisha hadithi.

*Swali usilolijua.* "Hewa inaanzia wapi?" Sema hujui, kisha mtafute pamoja, au muulize fundi, mwalimu, mvuvi. Jibu la kubuni litakurudia likiwa kichekesho mbele ya wageni, na wa kuona aibu utakuwa wewe.

Makosa yanayofanyika sana

*Kumwita aje arudie.* "Hebu mwambie shangazi ulivyosema!" Mtoto anasimama katikati ya sebule, anatazama nyuso, anarudia kwa sauti isiyo yake. Ukiendelea hivyo miezi michache utakuwa na msanii mdogo anayewatazama wasikilizaji kabla ya kufungua mdomo. Yale ya asili ndiyo yatakayokauka. Kumwekea kamera usoni ni kosa hilohilo.

*Kucheka tusi.* Mtoto akileta neno chafu kutoka mtaani, kicheko cha siku ya kwanza ndicho kitakachomfanya alirudie siku mchungaji au shehe akija kuwatembelea. Usibadili uso, mwambie neno hilo hatulitumii, mpe la kutumia, uendelee na shughuli zako. Baadaye chunguza amelisikia wapi. Uwe tayari kwa jibu kwamba ni kwako.

*Kubeba kisa cha wote.* Kuna mtoto anayemwambia mgeni mlangoni, "Mama amesema nikwambie hayupo." Kila familia kutoka Mombasa hadi Mbeya inadai kisa hicho kilitokea kwao. Huenda kweli, kwa kuwa akina mama wanaojificha wadai ni wengi. Lakini kama hukukisikia kwa masikio yako, hakiingii daftarini.

*Kulitengeneza liwe la hekima.* Mtoto akisema jambo la kugusa moyo, mkono wa mwandishi huwasha kulimalizia. Uzuie. Mtoto wa miaka mitano aliyeuliza "maskini wanajuaje kama wao ni maskini?" hahitaji msaada wako.

Maneno yasiyo ya kuchekwa

Tahadhari hii isomwe na kila mtu mzima ndani ya nyumba, pamoja na wale wasiotaka habari za daftari.

Yapo maneno ya mtoto yanayosikika kama ya ajabu tu, kumbe anajaribu kueleza jambo asilo na msamiati wake. Anataja "siri yetu" na mtu mzima. Anaeleza mwili kwa namna ambayo mtoto wa umri wake hana pa kuijulia. Anakataa ghafla kubaki na mtu aliyemzoea na anatoa sababu ya kuchekesha, kama kwamba mtu huyo "ana mikono mibaya". Usicheke, wala usimkaripie. Fanya hivi:

1. Tulia. Akiona umeshtuka sana, atanyamaza.
2. Msikilize amalize kwa maneno yake. Uliza tu "halafu?" au "niambie zaidi". Usimtajie jina la mtu wala kumwekea jibu mdomoni.
3. Mwambie amefanya vizuri kukuambia, na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu.
4. Andika maneno yake kamili siku hiyohiyo, pamoja na saa na mahali. Mazoea uliyoyapata kwenye daftari yatakufaa sana hapa, ila ukurasa huu uuweke mbali na mengine.
5. Usimkabili mtuhumiwa mbele ya mtoto, wala usikubali mambo yamalizwe kifamilia.
6. Piga 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa watoto, Tanzania na Kenya. Kwa Tanzania unaweza pia kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Kabla hujatuma kwenye grupu

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Zinawabana wengine wanaotaka kutumia taarifa za mwanao. Cha kukubana wewe na status yako ni busara tu. Maneno ya mtoto ni yake, na siku moja atakuwa kijana wa kidato cha pili mwenye wanafunzi wenzake wenye simu. Kabla ya kutuma, pitia orodha hii:

- Je, linahusu choo, kukojoa kitandani, mwili au ugonjwa wake? Libaki daftarini.
- Je, linafichua ugomvi, madeni au mshahara wa nyumbani? Mtoto kasema ukweli; si lazima mtaa wote uujue.
- Je, linamtaja jirani, mwalimu au ndugu anayeweza kujitambua? Acha.
- Je, picha inaonyesha nembo ya shule, sare au njia ya nyumbani? Tuma maneno bila picha.
- Je, umemuuliza? Kuanzia miaka mitano hivi anaweza kukubali au kukataa. Akikataa, umekataliwa.

Ukiwa na shaka kwenye swali moja tu, msomee bibi yake kwa simu. Bibi ni hadhira tosha.

Lini umsomee mwenyewe

Wengi huuliza kama mtoto asomewe daftari lake. Asomewe, lakini asubiri. Akiwa na miaka mitano hatapenda kusikia ya miaka mitatu, ataona unamcheka utoto. Miaka minane au tisa ni umri mzuri: ameshaondoka mbali kiasi cha kumtazama yule mdogo kama ndugu yake. Msomee akiwa peke yake kwanza. Mruhusu afute chochote anachotaka, hata kile ukipendacho kuliko vyote.

Na kama mtoto wako ameshatimiza miaka mitano na hujaandika hata mstari mmoja, hujachelewa. Andika atakalosema leo jioni. Yale ya nyuma mwulize bibi yake au dada aliyemlea, uyaandike ukurasa wa mwisho, na juu yake uandike wazi kwamba hayo ni masimulizi ya watu wazima.